Usimmalizie mtu hadithi yake: kwa mnaoanza kufundisha gerezani

Kila mwaka wanakuja vijana wapya kujitolea kufundisha kusoma na kuandika gerezani huku kwetu Mwanza. Karibuni, na vitabu leteni. Ila mimi nilikaa mahabusu miezi 11 kabla kesi haijafutwa, kisha nikarudi kama mwalimu, na naona mnavyoingia mkidhani hadithi mmezileta ninyi.

Jioni watu wakishahesabiwa na mlango kufungwa, usiku ni mrefu. Chumbani kwetu alikuwepo mvuvi wa dagaa, mtu wa Ukara, hana ndugu wa kumletea hata kipande cha sabuni. Lakini alilala ukutani, mbali na ndoo ya haja, na sabuni hakukosa. Akisema "Hadithi, hadithi!", chumba kizima kilijibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Nyapara, kiongozi wa chumba, naye anaitikia.

Alitupeleka ziwani usiku wa giza, maana dagaa hufuata taa na mbalamwezi huwaharibia wavuvi kazi. Tulisikia karabai ikivuma, maji yakigonga ubao. Alfajiri tunashuka mwaloni Kirumba, mikono imekufa ganzi, tunanunua chai ya tangawizi. Safari nyingine upepo unageuka katikati ya maji, naye hapohapo anajifunika blanketi. Walifika? Kesho. Nani angethubutu kumgusa mtu anayedaiwa na chumba kizima?

Mimi mwenyewe nililisahau hilo nilipoanza kufundisha. Mzee mmoja wa Kisukuma alikuwa akisimulia habari za Masala Kulangwa, kijana aliyeliua zimwi Shing'weng'we lililokuwa limemeza watu wote. Alipofika kwenye kulipasua tumbo, akanyamaza. Nikadhani amesahau. Nikadakia, nikawatoa watu wote tumboni, mpaka yule bikizee aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya. Darasa kimya. Mzee akaacha kuja wiki mbili. Kumbe wale watu alikuwa amewabakiza makusudi tumboni hadi Jumatano, na mwenzake alikuwa ameshamwahidi nusu ya ugali wake.

Mengine ni madogo. Mtu usimuulize kosa lake. Akikueleza mwenyewe, sikiliza, na wiki ijayo akieleza vingine, sikiliza vilevile. Barua ya mtu usiitoe nje kwa siri, darasa litafungwa kwa ajili yako. Na vyakula kwenye hadithi, kidogo kidogo. Nilishawahi kumkaanga sato na ndimu mbele ya watu wenye njaa, nikaombwa kwa heshima kabisa nimrudishe ziwani.

Zoea pia msimuliaji kutoweka. Mahabusu hupelekwa mahakamani, kesi inatajwa, inaahirishwa, jioni wanarudi. Siku nyingine mmoja harudi. Mvuvi wetu aliachiwa Jumanne, tukafurahi kweli, mpaka taa za nje zilipowaka tukakumbuka mtumbwi ameuacha kati ya Kayenze na Ukerewe, upepo umegeuka. Tukajaribu kuumalizia wenyewe. Huyu anataka wazame, yule anataka wafike Nansio, mwingine ana shemeji yake anamtia mtumbwini kwa nguvu. Ikawa ugomvi. Nyapara akaamua: wabaki majini hukohuko, na asiguse mtu kasia.