Tusigombanie asilimia tu, kikokotoo kiandikwe kwenye sheria yenyewe

Mmeuliza wiki hii: mtumishi wa umma hapa Tanzania akistaafu apewe mkupuo mkubwa (hela za mara moja) au pensheni kubwa ya kila mwezi? Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimebakiza miaka michache nifike 60, na nasema kwa moyo wote kwamba swali limekaa upande mmoja tu wa jambo. Linafanya ionekane kama ukipunguza huku unaongeza kule, ngoma droo. Hebu tupige hesabu kwanza kwa kikokotoo, yaani fomula ya kukokotoa mafao ya mstaafu.

Chukua mwalimu mwenye mshahara wa milioni 1 aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Kwa kanuni za zamani za PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma ya wakati ule, mshahara wake wa mwaka, milioni 12, unazidishwa kwa 360 unagawanywa kwa 540, unapata milioni 8 ndo pensheni yake ya mwaka. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5, mkupuo unakuja milioni 62, na nusu iliyobaki anaipata kidogo kidogo, kama laki 3 na elfu 33 kwa mwezi. Kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022 unagawanya kwa 580 sio 540, unazidisha kwa 12.5 sio 15.5, na mkupuo unatoka kwenye asilimia 33 ya pensheni badala ya nusu. Mwalimu yuleyule anaondoka na milioni 30 na laki 7, kila mwezi laki 4 na elfu 15. Na hapo nimefanya wepesi, mshahara nimeuacha uleule wakati siku hizi wanachukua wastani wa miaka mitatu ya mshahara mkubwa, sio ule wa mwisho.

Sasa angalia. Mkupuo umepungua zaidi ya milioni 31, pensheni ya mwezi imeongezeka elfu 82 na kitu. Ili hiyo elfu 82 irudishe milioni 31 huyu mzee inabidi aishi miaka 31 baada ya kustaafu, afike 91! Kwahiyo anayesema wamekupunguzia mkononi wakakuongezea kwenye mwezi hajasema yote, kwasababu kigawanyo kimebadilika na kizidisho nacho kimebadilika, na hivyo viwili hakuna anayevitaja kwenye hotuba, wote tunabishana asilimia.

Hata ile nafuu ya bajeti ya Juni 2024, waliokuwa wanapata nusu wakapandishwa kutoka 33 kwenda 40 na wale ambao zamani walikuwa wanapata asilimia 25 wakafika 35, niliipokea kwa shukrani na bado naishukuru. Lakini 580 na 12.5 zilibaki palepale. Mwalimu wetu kwa 40 anapata milioni 37 na laki 2, mwezi laki 3 na elfu 72. Bado yuko chini ya ile 62 kwa karibu milioni 25.

Kinachoniuma zaidi ni namna haya mambo yanavyobadilishwa. Sheria ya 2018 iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, ilipita bungeni, sawa, ila kikokotoo chenyewe kikaachwa kwenye kanuni, na kanuni haisubiri bunge lipige kura. Mwaka huohuo kanuni zikatoka na asilimia 25 kwa wote, watu wakapiga kelele nchi nzima, mpaka tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaita vyama vya wafanyakazi na mifuko Ikulu akasitisha, kila mfuko urudi kwenye utaratibu wake wa zamani mpaka 2023. Tukapumua. Alafu 2023 haijafika, Julai 2022 ikaja 33. Miaka miwili mbele ikawa 40. Yaani ndani ya miaka sita mtu anayejiandaa kustaafu amebadilishiwa hesabu mara nne, na michango yake ni ileile, asilimia 5 inakatwa kwake na 15 ya mwajiri, hakuna mwezi aliochelewesha maana inakatwa kabla hajaiona.

Shuleni kwetu kuna mwenzetu alistaafu baada ya hiyo Julai 2022. Nyumba yake alishaifikisha kwenye lenta kwa mkopo, mkupuo ulikuwa wa kupaua, madirisha na kununua pampu ya kisima. Alipaua vyumba viwili. Huyu hakukosea kupanga, alipanga kwa hesabu aliyopewa na ofisi.

Naijua hoja ya serikali kwamba mfuko unaweza kufilisika na kweli mfuko ukifa tumekufa wote. Lakini tuseme na chanzo. Watumishi walioajiriwa kabla ya 1999 hawakuwa wanachangia, PSPF ikabebeshwa kuwalipa na serikali ndo ilitakiwa kuleta hizo hela, deni likakaa miaka mpaka zikatolewa hatifungani (hati za serikali za kuahidi kulipa deni) za zaidi ya trilioni 2. Hilo pengo halikuchimbwa na mwalimu wala nesi.

Wenzetu Kenya walipoanza mfuko wa kuchangia Januari 2021 walitenganisha watu kwa umri: wa chini ya miaka 45 wakaingizwa moja kwa moja, wa 45 kwenda juu wakaachwa kwenye utaratibu wa zamani, anayetaka kuhama ahame mwenyewe. Na makato yakapanda taratibu, 2, 5, mpaka 7.5. Sisemi wao hawana shida, wanazo, ila mtu aliyekaribia kutoka hakuvurugiwa mipango.

Kwahiyo nikijibu swali lenu kama lilivyo, mstaafu achague mwenyewe. Mwenye nyumba tayari na watoto wamemaliza shule achukue mkupuo wa asilimia 25 apate mwezi mnono, mwenye boma lisilo na bati achukue 50, hesabu ya mfuko iwekwe sawa kwa wote wawili. Na kigawanyo, kizidisho na asilimia vyote vitatu viandikwe ndani ya sheria ya PSSSF, vikibadilishwa vianze kwa anayeajiriwa kesho. TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na CWT, chama chetu cha walimu, wakipanda jukwaani Mei Mosi naomba hili walitangulize mbele ya ombi la kupandisha asilimia.