Re: Wakili miaka 36 nataka upadre, nimechelewa?

Kaka umri sio ishu, kamsome John Sullivan wa Dublin. Baba ake alikuwa Lord Chansela (jaji wa cheo cha juu kabisa) wa Ireland, yeye mwenyewe wakili, kasoma Chuo cha Trinity, mtanashati balaa mjini, tena kakulia Uprotestanti (mama ndo alikuwa Mkatoliki), kahamia Ukatoliki 1896, kaingia Wajesuti (shirika la mapadre na mabruda Wakatoliki) 1900 ana 39, upadre kapata 1907 ana 46! Suti zote kwisha, nguo za viraka, anapiga baiskeli yake kuukuu kwenda kuombea wagonjwa jirani na Clongowes, shule ya Wajesuti alikokuwa anafundisha. 2017 katangazwa mwenyeheri (hatua moja kabla ya mtakatifu). Ila usiache kazi kesho bana, kaongee kwanza na mkurugenzi wa miito (anayeshughulikia wanaotaka upadre) jimboni kwako maana kuna majimbo yana kikomo cha umri, na madeni ya benki maliza kabisa.