Petroli inanuka asubuhi, chini kuna kadoa

SWALI: Shikamoo fundi. Nakaa Tanga, nina Corolla 110 ya 1998, nimenunua kwa jirani. Mwezi sasa kila asubuhi nikitoka nje nakutana na harufu ya petroli, na chini usawa wa tairi la nyuma kuna kadoa. Fundi wa mtaani aliingia chini akasema paipu ya mafuta imeliwa na kutu, akakata kipande kama urefu wa kiganja akaunga kwa mpira na klipu mbili, nikamlipa. Wiki mbili tu inavuja tena, ila sio pale alipounga, ni mbele kidogo. Mmoja kanishauri gundi ya chuma, mwingine anasema niweke paipu ya shaba ya friji nimalize kazi. Nimsikilize nani? Halafu Jumamosi nina harusi Muheza, itafika kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimsikilize hata mmoja kati ya hao wawili, na yule wa mpira pia kakuachia kazi nusu.

Gari yako ni ya EFI, yaani petroli inapulizwa kwa presha kuingia kwenye injini, sio kabureta, na hapo ndo wengi wanapochemka. Kwenye kabureta pampu inasukuma mafuta taratibu, presha haifiki hata baa moja, mpira wowote unavumilia. Kwako presha ni kama baa 3, yaani inazidi upepo wa tairi lako, sasa mpira wa kawaida na zile klipu za kukaza na bisibisi zitakaa siku ngapi? Kama lazima pawe na mpira basi uwe wa EFI, angalia ubavuni umeandikwa SAE J30 R9, mfupi, na mdomo wa paipu uwe umetanuliwa kidogo ili mpira usichomoke.

Ila mpira sio ugonjwa wako. Kutu hailagi sehemu moja. Ingia chini na tochi (sio balbu ya waya, ikianguka ikapasuka kwenye mvuke wa petroli watasimulia wengine) ufuate zile paipu kutoka kwenye tanki kwenda mbele. Utaona zimeshikwa na vishikizo kila baada ya hatua, fungua hivyo vishikizo, kutu iko pale ndani maana tope na upepo wa chumvi wa huko kwenu vinajificha hapo havikauki. Paipu kwa nje inaweza kuonekana nzima kabisa lakini ukikwangua na kucha ukapata magamba, hiyo imekwisha. Na ukikuta chini yote imepigwa rangi nyeusi usifurahi, wengine wanapaka juu ya kutu ili wauze.

Kwa hiyo badilisha paipu nzima, kuanzia kwenye tanki mpaka kwenye filta. Chuma chenye kinga ya kutu ni sawa, au ile ya shaba iliyochanganywa na nikeli, uliza kwa wauza spea za breki. Shaba tupu ya friji achana nayo, ni laini na inakunjika vizuri ndo maana mafundi wanaipenda, lakini gari ikitikisika kila siku inakakamaa mwisho inapasuka, kama waya ukiukunja huku na huku. Gundi ya chuma nayo inahitaji chuma kisafi cha kushikia, juu ya magamba inashika nini?

Kabla fundi hajafungua kitu, achomoe plagi ya umeme ya pampu ya petroli, awashe gari aiache izime yenyewe ili presha iishe, kisha atoe waya wa hasi wa betri. Asifanyie kazi ndani ya shimo la gereji kama kuna namna nyingine, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unalala humo humo alipo yeye. Na anayevuta sigara akavutie barabarani. Akimaliza awashe, afute kila kiungo kwa tishu kavu aangalie kama inalowa.

Sasa sikiliza, pembeni ya hizo paipu kuna paipu ya breki inaenda nyuma, imekaa kwenye chumvi ile ile miaka ile ile. Mafuta yakivuja unanusa, hiyo ikipasuka unajua siku umekanyaga pedeli ikaenda mpaka chini. Mwambie fundi aikague siku hiyo hiyo wakati gari iko juu, wala asikutoze mara mbili.

Harusi ya Muheza panda basi.