Redio ya intaneti ni redio? Jibu kwa msomaji wa Wete

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi na wenzangu watatu hapa Wete tuna stesheni ya mtandaoni. Tunapiga taarab asilia, kasida na kidumbak, na wasikilizaji wetu wengi ni Wapemba walioko Mombasa, Maskati na Uingereza. Wazee wa barazani wanatwambia hiyo si redio, ni kompyuta inayopiga nyimbo. Fundi mmoja ametushauri tununue mashine ya FM ya wati 15 tuiunge na laptopu, ndipo tutakuwa redio ya kweli. Anasema mtandaoni hakuna leseni, na kwa mashine ndogo kama hiyo pia haihitajiki. Unasemaje?

JIBU: Waaleikum salaam. Yenu ni redio, na huyo fundi msimsikilize.

Swali hili linakuja kila mara, na karibu kila mara nyuma yake yupo mtu mwenye mashine ya kuuza. Anachouza ni imani kwamba redio ni mnara. Mnara ni njia ya kupitishia tu. Stesheni nyingi za FM zenyewe huitoa sauti studio ikiwa imeshabanwa kidijitali, ikapelekwa mnarani kwa mikrowevu au kwa intaneti hiyo hiyo mnayotumia nyinyi. Redio ni kipindi kimoja kinachowafikia wote kwa pamoja, ratiba inayojulikana, na mtu wa kuulizwa kikitoka kisichofaa.

Hapo wazee wenu wana hoja. Wamezoea kusikiliza tangu enzi za Sauti ya Unguja, miaka ya 1950, na wanajua redio ina mtu ndani. Ikiwa laptopu yenu inazungusha faili zile zile usiku na mchana, hatajwi mwimbaji, haitajwi kikundi, haitajwi saa, basi wanachosikia ni kasha la nyimbo. Mashine ya FM haitaliponya hilo. Itaurusha ukimya ule ule wa mtangazaji hewani.

Sasa tuitazame hiyo mashine yenyewe. FM inaishia megahezi 108. Papo hapo, bila nafasi katikati, yanaanza masafa ya ndege: kwanza vifaa vya kumwongoza rubani, kisha kuanzia 118 hadi 137 ni mazungumzo yake na waongozaji. Mashine za bei poa mara nyingi huja bila chujio la maana kwenye mlango wa kutolea. Mnaiweka 98, nayo inatoa 98 pamoja na takataka zake huku na huku, na pacha wake kwenye 196. Nyinyi hapo chini mnasikia wimbo safi kabisa na mnafurahi. Anayeisikia takataka ni rubani anayeshuka Chake. Bila kifaa cha kupimia masafa, hakuna fundi anayeweza kukuhakikishia kwa sikio kwamba mashine yake ni safi, na anayekwambia "nimeijaribu, iko sawa" hajajaribu kitu.

Hata hizo wati 15 hamtazipata. Mita 20 za waya mwembamba wa RG58, ule anaopenda kuufunga kwa sababu ni rahisi, hula karibu nusu ya nguvu kwenye masafa ya FM. Kiungio cha antena kikishaingia kutu kwa hewa yetu ya chumvi, nguvu hurudi nyuma na kuiunguza transista ya mwisho. Ukiiwasha bila antena "kwa dakika mbili tu za majaribio" matokeo ni hayo hayo.

Leseni. Masafa ni mali ya umma na yanasimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Bara na Visiwani. Hakuna wati 15 za bure. Utangazaji Zanzibar uko chini ya Tume ya Utangazaji, kwa sheria ya 1997. Bara nako kanuni za maudhui ya mtandaoni zimezitaka redio za intaneti ziwe na leseni tangu 2018, kwa hiyo hiyo kauli ya "mtandaoni hakuna leseni" mngeitupa siku ile ile mliyoisikia. Iandikieni Tume, elezeni mnachofanya, mpate jibu la maandishi. Kisha nendeni COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, kwa ajili ya haki za muziki. Nyimbo za vikundi kama Ikhwani Safaa au Culture zina wenyewe, na kupakua YouTube si ruhusa.

Kupakua huko kunaharibu na sauti pia. Faili la YouTube limeshabanwa mara moja, nanyi mnalibana tena kulituma. Wa kwanza kuumia ni ganuni na fidla: milio inakuwa kama imelowa maji. Tafuteni nakala bora, mtume kwa AAC+, mbano unaohifadhi sauti vizuri kwa data kidogo, ya kilobiti 64 kwa sekunde. Msikilizaji atatumia kama MB 29 kwa saa, na MP3 ya 128 ingemla MB 58. Msiwagawie wasikilizaji kutoka nyumbani. Watu 100 kwa kilobiti 64 ni megabiti 6.4 za kupandisha bila kukatika. Pelekeni mkondo mmoja wa sauti kwenye sava ya kukodi yenye Icecast, programu ya kugawa sauti kwa wasikilizaji, igawe yenyewe, na muiwekee mkondo wa akiba ili mtandao ukikatika Wete isibaki kimya. Umeme ukizima, laptopu inabaki na betri yake, ruta ndiyo inayokufa. Ruta ya volti 12 inayotumia ampea moja itakaa saa nne hivi kwa betri ya ampea-saa 7.

Kuna jambo moja ambalo FM inawashinda kweli, nalo ni wakati. Icecast, kwa mipangilio inayokuja nayo, humpa msikilizaji mpya kilobaiti 64 za akiba, yaani sekunde 8 za nyuma kwa kasi yenu ya kilobiti 64 kwa sekunde, na mwenye mtandao dhaifu huweza kuachwa nyuma kwa dakika nzima kabla ya kukatwa. Watu wawili barazani, simu mbili, hawasikii neno moja kwa pamoja. Kwa muziki si kitu. Kwa adhana ya magharibi mtu atachelewa kidogo kufuturu, lakini kwa alfajiri ya Ramadhani atakuwa bado anakula daku wakati umeshapita. Tajeni saa na dakika mapema, na muwaambie waziwazi wasifunge kwa adhana yenu.

Ama wauza "redio kamili" walioenea sasa, programu ya simu, sava na nembo kwa bei moja, waulizeni kabla ya kutoa pesa: anwani ya mkondo imesajiliwa kwa jina la nani, na sava inabeba wasikilizaji wangapi kwa wakati mmoja? Wengi husajili kila kitu kwa majina yao, na siku mkikosana wanaondoka na wasikilizaji wenu. Asiyetaka kuwapa nywila ya msimamizi wa sava msimlipe. Na huyo wa wati 15, kama mmeshampa arubuni, idaini irudi.