Mkuu, itoe hiyo wiski ya Bunnahabhain kwenye friza sasa hivi

Acha unachofanya nenda katoe hiyo chupa. Nimesoma swali lako, umepata Bunnahabhain, wiski ya Uskochi, ya miaka 18, Jumamosi unawaonjesha washkaji, unauliza glasi gani, rangi inasemaje na kama bei umepigwa, halafu katikati unasema kuna jamaa wa baa kakushauri uigandishe na uijaze barafu ili ilainike. Hapo ndo nimepandwa na hasira maana na mimi nilikuwa na mshauri wa hivyohivyo.

Niko Glasgow, chupa kama hiyo niliinunua kwa pesa ya kujinyima, zaidi ya pauni 100. Tukamimina juu ya barafu, muda si muda ile kahawia nzuri ikaingia ukungu kama maji ya mchele. Mshauri akainua glasi kwenye taa akatangaza imechakachuliwa, akabeba chupa akaimwaga yote kwenye sinki na watu wakampongeza kwamba katuokoa! Mtu hata lebo hajasoma. Lebo imeandikwa kilevi 46.3% na kwamba haijachujwa kwa baridi, yaani yale mafutamafuta ya shayiri na pipa yameachwa humo makusudi, ndo yanayoipa uzito mdomoni. Ikipoa yanagandana unaona ukungu, ikirudi joto la chumba inang'aa tena. Wiski nyingi za 40% zinapozwa na kuchujwa kabla ya kutiwa kwenye chupa, ndo maana watu hawajazoea kuuona. Haikuwa feki, ilikuwa wiski safi kabisa imeenda mtaroni kwa ujuaji wa mtu.

Na hata bila ukungu, baridi inaua harufu, na kwenye single malt (wiski ya kimea cha shayiri kutoka kiwanda kimoja) ya umri huo pesa yako imeenda kwenye harufu. Miaka 18 ndani ya mwaloni, huku kama asilimia 2 inapotea hewani kila mwaka, halafu uje uizibe kwa barafu? Hapana. BARAFU MARUFUKU.

Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, mimina kidogo, iache itulie. Usizamishe pua, spiriti itakuchoma usisikie kingine, isogeze taratibu mdomo ukiwa wazi kidogo. Utasikia zabibu kavu, karanga, na chumvichumvi ya bahari kwa mbali. Funda dogo, lizungushe ulimini, ndo umeze. Baada ya hapo dondoshea maji matone mawili matatu kwa kijiko cha chai unuse tena, kuna vitu vitafunguka ambavyo mwanzo havikuwepo.