Maswali Yenu: Sumaku ya Msumari Isiyoachia Pini

SWALI: Nimezungusha waya wa shaba mara 50 kwenye msumari na kuuunganisha na betri ya volti 1.5. Unavuta pini mbili tu. Nikiongeza betri ya pili waya unachoma vidole, na nikikata umeme pini hazianguki. Nimekosea wapi?
– Mwanafunzi wa Gredi ya 8, Umoja

JIBU: Waya ukipata moto, umeme unapita, kwa hiyo ncha zimeshika vizuri. Tunashuku waya wenyewe. Kama ni shaba tupu, mizunguko inagusana na kugusa msumari, na umeme unapita njia ya mkato badala ya kuzunguka. Tafuta waya uliopakwa vanishi, unene wa milimita 0.3 hadi 0.5, maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue huwa nao, au uutoe kwenye mota mbovu. Huo sasa ndio wa kukwangua ncha kwa msasa, sentimita mbili kila upande, mpaka shaba ing'ae pande zote.

Kagua pia mwelekeo. Ukimaliza safu ya kwanza na kurudi, endelea kuzungushia upande uleule. Mizunguko 30 ikienda huku na 20 kinyume, unabaki na nguvu ya 10 tu.

Usiongeze betri, ongeza mizunguko: 150 kwa betri moja. Mkondo ukiwa maradufu, joto katika waya huwa mara nne. Hata hivyo betri itachoka upesi, basi unganisha kwa sekunde tano na ukate. Betri ya simu usiiguse, inaweza kushika moto. Soketi ya volti 240 ndiyo kabisa usiisogelee: koili, yaani waya uliozungushwa, ikiwa fupi namna hiyo ni shoti.

Kuhusu pini zinazong'ang'ania, lawama ni ya chuma. Chuma kigumu, hasa msumari wa zege, hubaki na usumaku baada ya umeme kukatika. Chuma laini huusahau karibu wote. Nenda hadwea ununue waya wa kufungia nondo, ambao ni laini kwa sababu umepashwa moto kiwandani. Kata vipande 30 vya sentimita nane, vifunge pamoja kwa utepe, kisha zungushia koili yako hapo. Kengele ya mlangoni hutumia chuma cha aina hiyo: sumaku yake isipoachia kwa wakati, kinyundo kitagonga mara moja tu na kunasa.

SWALI: Mbona transfoma ya nguzoni karibu na ploti yetu huvuma usiku kucha?
– Mzazi, Kawangware

JIBU: Ndani yake mna mabamba membamba ya chuma yaliyozungushiwa koili. Umeme wetu ni wa hetzi 50, yaani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na katika kila kwenda na kurudi usumaku hufika kilele mara mbili. Chuma kikipata usumaku hubadilika urefu kidogo sana, hivyo kinatetemeka mara 100 kwa sekunde. Mchana huvuma vilevile, ila matatu huumeza mvumo huo. Mkisikia milio ya kupasuka au mkiona mafuta yakivuja, kaeni mbali na mpige simu kwa kampuni ya umeme.