Kuutambua na Kuukuza Mmea Mnofu Ulionunuliwa Bila Jina

Mimea minofu, yaani ile inayohifadhi maji katika majani au shina, mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo ikiwa ndani ya vikopo visivyo na jina lolote. Anayeanza hudhani kwamba kazi ya kwanza ni kulitafuta hilo jina. Kwa uzoefu wangu, kazi ya kwanza ni kuitazama mizizi, kwa kuwa mmea huweza kuishi miaka mingi bila jina, lakini hauwezi kuvumilia udongo usiokauka.

Utoe mmea taratibu katika kikopo chake. Aghalabu utakuta mboji laini iliyoshikamana, ambayo ikilowa hukaa na unyevu siku nyingi, na ikikauka kabisa hujikunja ikaachana na kingo za kikopo, hata maji unayomwagia yakapita pembeni bila kuifikia mizizi. Iondoe mboji hiyo, kata mizizi iliyolainika na kuwa myeusi, kisha kagua maungio ya majani: ukiona vijidudu vyeupe vyenye utando kama pamba, hivyo ni vidung'ata, navyo huondolewa kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika spiriti. Panda upya katika mchanganyiko ambao angalau nusu yake ni mchanga wa chembe kubwa au changarawe ndogo, ndani ya chombo chenye tundu chini, na usimwagilie kwa siku kadhaa ili majeraha ya mizizi yapone kwanza.

Baada ya hapo ndipo utafute jina, na uanze na jenasi, yaani kundi la mimea inayokaribiana, si spishi, yaani aina yenyewe hasa. Jani au shina likichubuka likatoa utomvu mweupe kama maziwa, fikiria kwanza Euphorbia, nawe uvae glavu, kwa maana utomvu huo huwasha ngozi na ni hatari kwa macho. Dungusi halisi hujulikana kwa vifundo vidogo vyenye manyoya, ambamo miiba yake huchipuka. Euphorbia yenye miiba haina vifundo hivyo, hata ikifanana nayo kwa umbo. Majani yaliyokaa mawili mawili yakielekeana, kila jozi ikikatisha ile iliyo chini yake, huelekeza kwenye Crassula au Kalanchoe, na hapo ua ndilo litakaloamua: la Kalanchoe lina petali 4, la Crassula kwa kawaida 5.

Ua nalisisitiza kwa sababu liliwahi kunisahihisha. Nilinunua mmea mdogo wa kijani kibichi kilichokolea, wenye majani yaliyochongoka na mistari ya vinundu vyeupe mgongoni, nikauhesabu kuwa mshubiri na kuuweka kwenye jua kali la mchana. Majani yakawa mekundu, ncha zikakauka. Mwaka uliofuata ulitoa kikonyo chembamba chenye maua madogo meupe, ya midomo miwili, tofauti kabisa na mirija mirefu ya rangi ya chungwa niliyoitarajia. Ulikuwa wa kundi la Haworthia, ambao sasa wataalamu wameutenga katika Haworthiopsis, nao hupendelea mwanga wa kutosha usio wa jua la moja kwa moja mchana kutwa. Niliusogeza, na majani mapya yakatoka ya kijani.

Kuhusu maji, amini vidole vyako kuliko kalenda. Jani lililonywea na kukunjamana, huku likiwa bado gumu kiasi, linaomba maji. Jani la manjano lililolainika na kuanza kupenyeza mwanga limezidishiwa. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha subiri udongo ukauke hadi ndani. Shina likirefuka na majani kuachana, mwanga ni hafifu, na sehemu iliyorefuka haitafupika tena. Ni heri kukata kichwa, kukiacha kidonda kikauke, na kukipanda upya. Jani zima la Echeveria, jenasi nyingine ya mimea minofu, lililobanduliwa bila kuchanika huweza kuota mche, ilhali jani la mshubiri huoza tu.

Mwisho, tengeneza kibandiko chako mwenyewe. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi hufifia juani, tarehe uliyoununua mmea na jenasi uliyoifikia, na uweke alama ya kuuliza palipo na shaka. Spishi iache wazi, maana mingi ya mimea hii ya bei nafuu ni chotara, na jina la kubahatisha likishaandikwa huwa vigumu kuling'oa.